Karani wa Mizani

Bi Zawena, shikamoo.
Nimeandika hivyo, nikafuta.
Shikamoo moja haibebi miaka minne,
na tena sijui kama namba hii bado ni yako
au imeshachukuliwa na muuza vitumbua wa Chumbageni
atakayeniuliza, "Nani mwenzangu?"

Habari za siku nyingi.
Nimefuta tena. Siku nyingi za nani?
Nyingi nimezificha mimi.

Unaikumbuka ile ofisi yako ya ghorofani,
Barabara ya Kumi na Mbili, juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
ngazi zinanuka grisi na mpira mpya?
Ulivitazama vyeti vyangu kama mtu anayechagua nyanya,
ukabonyeza hiki, ukageuza kile,
ukasema: "Mntambo, ipo nafasi ya karani wa mizani,
kiwanda cha saruji, kule Pongwe. Jumatatu, saa mbili.
Usiniangushe."

Nikakuangusha.

Jumapili usiku mama alidondosha kikombe.
Akakitazama, akataka kusema "kikombe,"
mdomo ukaenda upande.
Jumatatu saa mbili nilikuwa Bombo, nje ya wodi,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
simu inatetemeka mfukoni kama kifaranga.
Mara saba. Nilihesabu. Sikupokea hata moja.
Ya nane ningepokea, naapa,
lakini ya nane hukupiga.

Baadaye ikawa aibu, na aibu ni kama deni la dukani:
siku ya kwanza unapita mlango uleule na kucheka,
wiki ya pili unazungukia nyuma.
Miaka minne nimezungukia nyuma.
Nikitaka Barabara ya Kumi na Tatu, napitia ya Ishirini.

Sasa mama amepumzika. Mwezi wa Rajabu.
Arubaini imepita, sufuria za watu zimerudishwa,
nami nimekaa na wasifu wangu wa kazi
una shimo katikati.
Niandike nini pale?
Kwamba najua kumgeuza mtu mzima bila kumwamsha?
Kwamba neno pekee lililomrudia lilikuwa "kikombe,"
akaliita kila kitu kwa hilo,
mlango kikombe, mvua kikombe,
na akiniita mimi kikombe
nikaitika?

Kwenye mizani, nasikia,
lori hupimwa likiingia tupu, hupimwa likitoka;
karani haulizi limepitia wapi, huandika tofauti.
Hilo nalo niliandika. Nikafuta. Lilinuka kujitetea.

Mwishowe nimetuma maneno matano:
Bi Zawena, ni Mntambo. Nisamehe.

Tiki moja. Adhuhuri yote tiki moja.
Alasiri zikawa mbili.
Magharibi ikaja sauti yako, sekunde arubaini,
nyuma yake mtoto anakariri jedwali la saba
na kukwama pale pale, saba mara nane:

"Mntambo! Nikusamehe nini, mwanangu?
Zile simu nilikuwa nataka kukwambia usiende.
Ile nafasi nilishampa shemeji yangu, Jumapili ileile.
Nikadhani umejua, ndiyo maana hupokei.
Mwaka jana nilikuona pale soko la Mgandini,
nikajibanza nyuma ya mikungu ya ndizi
mpaka muuzaji akaniuliza, mama, unanunua au unajificha?"

Nimeisikiliza mara tatu.
Ya kwanza nilikasirika.
Ya pili nilimhesabia shemeji mishahara yake.
Ya tatu nilimsikiliza yule mtoto tu,
akapata hamsini na sita, akashangilia peke yake.

Kisha maandishi, mafupi, bila salamu:
"Shemeji walimfukuza. Lete vyeti kesho.
Picha iwe ya sasa."

Ninazo mbili za zamani ndani ya bahasha,
zimegandana kwa unyevu wa masika ngapi sijui.
Nimejaribu kuzibandua taratibu kwa ukucha:
moja imetoka nyeupe,
ya pili ina nyuso mbili.